Tulikula Mahindi ya Katikati

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo yenye alama za sentimita, daftari la mistari, na mihindi mia mbili ya kupima kabla ya saa sita. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani fundi wa kilimo hukaa ofisini. Mkuu wa kituo, mzee mwembamba aliyesomea kazi yake Kongo, aliviangalia viatu, akaliangalia tope la Bugarama, akaniambia niende hivyo hivyo. Jioni viatu vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa nimekosea hesabu mara tatu. Kesho yake alinirudisha shambani nianze upya. Nawaambia mapema ninyi mnaoanza kazi hii na simu mkononi: sikubembelezwa, na sitawabembeleza.

Kituo chetu cha mbegu kilikuwa chini kwenye tambarare, upande wa Muganza. Pande tatu tulizungukwa na mpunga wa watu, na upande wa nne ilipita barabara ya malori ya saruji. Kazi yetu ilikuwa kuzalisha mbegu moja ya mahindi kwa wakulima wa tambarare na wa milimani. Ilikuwa mbegu ya mchanganyiko, yaani mihindi inayoachwa izaliane yenyewe kwa upepo. Mahindi yake huvunwa, hupukuchuliwa pamoja, na sehemu yake hupandwa tena msimu unaofuata. Katika mbegu ya namna hiyo mihindi haifanani, kama vile ndugu wa tumbo moja wasivyofanana. Kuna ya haraka, kuna ya polepole, na mingi iko katikati.

Mkuu yule wa kwanza alinifundisha kuusoma mhindi. Juu kabisa hutoka mbelewele, ambayo ni ua la dume, nayo humwaga chavua, unga wa manjano unaochukuliwa na upepo. Kiunoni hutoka hindi changa lenye ndevu, na ndevu ndizo upande wa jike. Kila unywele wa ndevu umeshika nafasi ya punje moja. Unywele usiopata chavua, punje yake haipo, na ndiyo maana mnaona mahindi yenye mapengo. Mbelewele humwaga kwa siku chache kisha hukauka, na ndevu nazo husubiri siku chache kisha hunyauka. Basi mihindi miwili ikipishana siku za kuchanua, hata ikigusana majani, haiwezi kuzaa pamoja.

Alinitaka niandike siku ambayo kila mhindi ulitoa ndevu. Nilikata vipande vya makopo ya maziwa, nikavikwaruza tarehe kwa msumari, nikavifunga kwa uzi kwenye kila hindi. Mwisho wa msimu nilichora: siku chini, idadi ya mihindi juu. Mchoro wangu wa kwanza ulitoka kilima kimoja safi, chenye kilele katikati na miteremko miwili. Mkuu aliutazama, akasema sasa angalau naweza kulipwa mshahara bila yeye kuona haya.

Mwalimu wangu wa pili hakuwa na shule. Alikuwa Yusufu, kapita wetu, msimamizi wa vibarua, Mwislamu wa palepale tambarare na mkulima wa mpunga. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala la mbegu. Alikuwa akiiminya punje kwa ukucha wa kidole gumba na kukuambia imebakiza siku ngapi kukomaa, na sikuwahi kumkuta amekosea. Wakati huo mimi nilikuwa msichana wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, aliyerudi na wazazi wake kwenye nchi aliyoisikia kwa masimulizi. Nilikuwa sijui hata mfereji unafunguliwa upande gani. Yusufu alinionyesha na hakunicheka, na katika miaka ile wasiocheka walikuwa wachache.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa linapoingia, na kosa ni langu.

Vibarua walikuwa wakila mahindi mabichi shambani. Walichuma asubuhi, walichuma mchana, walichuma ya haraka yalipoiva na ya polepole yalipofuata. Mimi, mwenye miezi sita kazini na kujua kila kitu, nilipeleka pendekezo kwa mkuu. Tupange juma moja tu kila msimu, linalohesabiwa tangu siku ya kupanda, na katika juma hilo vibarua na familia zao wachome na kula washibe. Nje ya juma hilo, anayekutwa na hindi aende nyumbani. Yusufu aliniuliza wakiwa na njaa juma lingine itakuwaje. Nilimjibu kwamba sheria ni sheria. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kujizaba kofi.

Mkuu alikubali, na mpango ukafanya kazi vizuri kupita tulivyotarajia. Msimu baada ya msimu, juma la kuchoma likawa sikukuu yetu. Moto uliwashwa kando ya mfereji, akina mama walikuja na watoto mgongoni, na majirani wa mpunga walialikwa. Baada ya hapo hakuna aliyegusa hindi. Mkuu alinisifu mbele ya wageni, nami nilisifika nikaamini.

Mkuu wa kwanza alistaafu akaenda zake. Akaja wa pili, enjenia wa kilimo kutoka makao makuu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akiwa kwenye mtaro. Alipoingia shambani mara ya kwanza mihindi ilikuwa imechanua. Alisimama, akageuka kulia na kushoto. Kuna mihindi iliyokuwa tayari imekauka mbelewele, na mahindi yake yameshaanza kujaa. Kuna mingine, safu hizo hizo, iliyokuwa haijatoa hata ndevu moja. Katikati ya makundi hayo mawili mihindi ilikuwa michache ya kuhesabika. Michoro yangu ilikuwa ikinionyesha jambo hilo kwa misimu mingi. Kile kilima kimoja kilikuwa kimebonyea kileleni, kisha kikawa vilima viwili vyenye bonde. Nilikuwa nimeandika pembeni kwamba ni mvua, na nikageuza ukurasa.

Alituita ofisini, mimi na Yusufu, na wahasibu wawili wa kituo.

"Maman Esperansi," alisema, "apa kuko mbegu mbili. Nani alizichanganya?"

"Hakuna muntu alichanganya, Shefu."

"Basi mbegu ilijigawa yenyewe?"

Wahasibu walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu kidogo ili nisionekane mjinga.

Wakulima walikuwa wamelalamika kwamba mbegu yetu inavunwa mara mbili, na makao makuu yalitaka jina la mtu. Ghala lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa Yusufu. Enjenia aliandika karatasi kwamba mbegu zilichanganywa ghalani, na kwamba kapita peke yake ndiye aliyeingia humo. Akanipa kalamu nishuhudie suala la ufunguo. Ufunguo ulikuwa kweli kwake. Nilikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa, nikatia sahihi. Yusufu aliuweka ufunguo mezani taratibu, akanitazama.

"Maman, weye unajua," alisema.

Akatoka. Kuanzia siku hiyo Muganza nzima ilimwita Yusufu Mchanganyaji. Wanawe wawili waliomba kazi ya kibarua katika mashamba ya mbegu, wakaulizwa baba yao ni nani, wakarudishwa. Mkewe akiuza mchele sokoni, watu walimuuliza kwa kejeli kama ni wa aina moja au mbili.

Lakini mimi sikuwa najua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua tu kwamba mtu yule asingeweza kuchanganya mbegu, na kujua tabia ya mtu hakutoshi kwenye karatasi.

Nilijua msimu uliofuata, katika juma la kuchoma, jambo likiwa miguuni pangu. Vibarua walikuwa wamekula, nami nilikuwa nikiokota vipande vyangu vya makopo kwenye majivu na maganda, maana bati nalo lina kazi. Niliviosha mferejini nikavipanga juu ya jiwe. Tarehe zote zilikuwa za siku chache zile zile. Nilirudia kuzisoma. Hapakuwa na hindi moja la mapema wala moja la mwisho. Nikaenda shambani nikaminya punje kwa ukucha, kama Yusufu alivyonifundisha. Ya haraka yalikuwa yameshakuwa magumu, hakuna jino la kuyatafuna. Ya polepole yalikuwa maji matupu. Yaliyofaa kuchomwa juma lile yalikuwa yale ya katikati tu. Kila msimu, kwa sheria niliyoitunga mimi, tulikuwa tumekula ya katikati na kuziacha ncha mbili zipandwe tena.

Niliketi pale kwenye majivu nikalia kwa hasira.

Ninyi vijana mtaelezwa jambo hili darasani kwa maneno mazuri, mimi nawaeleza kwa maneno ya shamba. Ukiondoa ya katikati kila msimu, ya haraka yanabaki kupata chavua kutoka kwa ya haraka wenzao, na ya polepole kwa ya polepole. Machache yanayozaana kati ya pande hizo mbili huzaa watoto wa katikati, na watoto hao ndio wanaoishia motoni. Mhindi unaochanua mbali zaidi na katikati ndio unaopona na kuacha uzao. Hivyo pande zinazidi kukimbiana, hadi mbelewele ya mmoja inakauka kabla ndevu ya mwingine haijatoka. Shamba ni moja, upepo ni mmoja, na bado zimekwisha kutengana uzazi. Wataalamu huita chanzo chake uteuzi wa kupasua.

Nilimpelekea enjenia vipande vyangu na michoro. Alivisikiliza vipande vikigongana kwenye mfuko, hakuufungua.

"Maman, unataka niandikie Leta, serikali, kama mahindi ya kuchoma njo iliharibu mbegu?"

"Njo vile, Shefu. Na aliyepanga ile wiki ni miye. Muandike jina yangu, muondoe ya Yusufu."

Alisema jina langu likiingia, na la kituo litaingia. Baada ya mwezi nikapata barua ya uhamisho: Kamembe, ofisi ya vibali, kupiga mihuri kwenye karatasi za magunia yanayovuka kwenda Bukavu. Mtu aliyezoea jua la tambarare akawekwa nyuma ya dirisha lenye nondo, akisikiliza honi za moto, yaani pikipiki za abiria. Walidhani nitanyamaza. Hawakunijua.

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikapanda hadi Mibirizi, mlimani. Nilikumbuka kwamba katika msimu wangu wa kwanza kituo kiligawa mbegu huko, kabla ya juma la kuchoma kuwapo. Nilipita vijia vya mlimani nikiuliza nyumba kwa nyumba, hadi nikampata mjane mmoja, Maman Felesita, ambaye alikuwa akiipanda ile mbegu mwaka hadi mwaka bila kuichanganya na nyingine. Nilimuuliza kwao wanakula mabichi lini. Aliniona nimechanganyikiwa.

"Tunakula siku yenye iko tayari," alisema. "Kwani banakulaka na kalenda?"

Shamba lake lilikuwa linachanua. Nilitembea safu zote. Palikuwa na ya haraka, ya polepole, na katikati kumejaa. Kilikuwa kilima kile kile kimoja cha mchoro wangu wa kwanza. Mbegu ya mama mmoja, huku imebaki nzima na kule imepasuka, na tofauti ilikuwa namna ya kula.

Nilimwandikia enjenia. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba mlimani ni baridi, ulinganisho haufai. Haya, alikuwa na haki ya kusema hivyo, nami nikaichukua kauli yake kama agizo la kazi. Nilimwomba Maman Felesita debe la mbegu, nikakodi viwanja viwili kule kule tambarare, na katikati yake mpunga mpana kiasi ambacho chavua haivuki. Kiwanja cha kwanza niliweka juma la kuchoma, lile lile, siku zile zile, nikialika majirani. Kiwanja cha pili nilichuma idadi ile ile ya mahindi mabichi, lakini kidogo kidogo, kuanzia ya kwanza kuiva hadi ya mwisho. Nilimfuata Yusufu nyumbani kwake nimwombe asimamie kuchuma, maana sikuamini mkono mwingine. Alinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha ndani. Kesho yake asubuhi nilimkuta kiwanjani, akifungua mfereji.

Tulifanya hivyo misimu kumi na mitano. Kila Jumamosi nilipanda gari la abiria kutoka Kamembe kushuka Bugarama. Mume wangu alifariki katika miaka hiyo, watoto wakaoa na kuolewa, na wote waliniambia niache. Padri aliniambia kusamehewa hakuhitaji shamba. Nilimwambia dhambi yangu ina karatasi, na karatasi hujibiwa kwa karatasi. Nilistaafu nikiwa bado naandika tarehe kwenye makopo.

Kiwanja cha pili kilibaki kilima kimoja. Cha kwanza kilianza kubonyea, kikazama, kikawa viwili.

Kituo kilipopata mkuu wa tatu, binti mwenye shahada ya udaktari wa mbegu, nilimpelekea barua yangu ya tisa. Alikuja mwenyewe kwa moto, kofia mkononi. Sikumpa michoro kwanza. Msimu ule, katika viwanja vyote viwili, nilikuwa nimekata mbelewele za mihindi yote ya polepole kabla hazijafunguka, nikaacha nyingine zote. Maana yake, hindi la polepole lingepata punje tu kama kuna mhindi mwingine wa kulipatia chavua. Nilimwambia amenye mwenyewe. Kwenye kiwanja cha pili alimenya mahindi yaliyojaa punje, kwa kuwa ya katikati yalikuwepo kuyafikia. Kwenye kiwanja cha juma la kuchoma alimenya gunzi tupu. Akamenya la pili, tupu. Alimenya safu nzima akiwa amepiga magoti, na maganda yakamzunguka. Mwisho nilimwonyesha mstari mmoja wa mihindi ya polepole niliyoipanda mapema makusudi, ili ichanue pamoja na ya haraka. Hiyo ilikuwa imejaa punje. Kuzaana ingeweza bado, kilichoitenga ni siku.

"Maman, ulisubiri hii miaka ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia aandike kwanza, tutahesabu baadaye.

Aliandika, tena vizuri. Lakini makao makuu walipoipokea ripoti waliipamba. Niliitwa kwenye ukumbi Kamembe nipewe cheti cha heshima kwa "kuzalisha mbegu mbili bora, ya tambarare na ya mlimani". Kweli wakulima walikuwa wameanza kuzitenga na kuzipenda. Nilisoma cheti mbele ya watu wote. Yusufu hakuwamo, na juma la kuchoma halikuwamo. Nikakirudisha mezani. Nilisema sikuzalisha mbegu mbili, nilipasua moja kwa ujinga wangu, na mtu mwingine akabeba lawama kwa sahihi yangu. Nikasema sitoi madaftari yangu, wala mbegu yangu, hadi kuwe na barua yenye mhuri isemayo kapita Yusufu hakuchanganya kitu. Ofisa wa itifaki alinong'ona kwamba nawaaibisha wageni. Nilimwambia wageni watapona.

Kuna bwana mmoja ukumbini siku ile alitaka kuchekesha, akasema hata watu ndivyo wanavyogawanyika. Nilimkatiza. Mimi nilisema habari za mahindi. Katika nchi hii tumeshaona wanaochukua habari za mbegu na kuzibandika kwa watu, na tunajua walitufikisha kwenye mauaji gani. Watu huoana wanapotaka, na anayewatenga anajua anachofanya. Mhindi haujui.

Barua iliandikwa. Ilichukua muda, ikarudishwa mara mbili kwa sababu walijaribu kuandika "haikuthibitishwa kwamba alichanganya". Niliikataa mara zote mbili. Ya tatu ilisema hakuchanganya, na chini yake, kwa ombi langu, ikasema chanzo kilikuwa sheria iliyotungwa na mimi, na jina langu kamili likaandikwa.

Wengine mnaniuliza kama sijutii uzee wangu kuishia kwenye karatasi moja. Sijutii. Jambo ninalolijutia ni kalamu niliyoishika siku ile na tabasamu nililotoa wahasibu walipocheka. Ukipewa karatasi ya kushuhudia, usiulize tu kama maneno yake ni ya kweli. Uliza yanakwenda kumfanyia nani nini. Na mnapotunga sheria nzuri, rudini misimu kumi baadaye mkaangalie imekula nini.

Nilimpelekea Yusufu barua mwenyewe. Siku hizi haoni vizuri. Nilimkuta kwenye uwanja wa kuanika mpunga kando ya barabara, pamoja na mkewe na majirani waliokuwa wakigeuza punje kwa miguu. Nilitaka tuingie ndani niisome taratibu.

"Hapana," alisema. "Balinitukania apa inje. Soma apa."

Nikasimama katikati ya mikeka, nikaanza. Watu wakaacha kugeuza mpunga. Nilipofika kwenye jina lake, lori la saruji likapita likinguruma na maneno yote yakapotea. Nikangoja hadi limalize kona na vumbi litulie, kisha nikaanza tena kutoka juu, kwa sauti kubwa zaidi.